Barua ya wazi: Kinyama cha dada yangu kiliharibika kabla ya kusomwa

Mbagala, Dar es Salaam

Kwa Mkurugenzi wa hospitali anakotibiwa dada yangu,
Kwa Mkuu wa maabara iliyopokea kinyama chake, yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa ili kipimwe,
Na kwa wote wenye dhamana ya vipimo vya saratani katika jiji hili.

YAH: KINYAMA KILICHOHARIBIKA, NA HAKI YA MGONJWA KUJUA KINACHOIAMURU SARATANI YAKE IKUE

Ndugu viongozi,

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari, na hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, zikagongwa mhuri wa masijala, nikabaki na nakala. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba inashughulikiwa. Ya pili niliambiwa faili lipo kwa mtu aliye likizo. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Nimekaa kwenye mabenchi yenu asubuhi nyingi, na kila mara niliondoka nimeitikiwa vizuri bila kusaidiwa. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Sitaitaja hospitali wala maabara, kwa sababu nawajua wauguzi waliomhudumia dada yangu kwa upole, na jina likitajwa watakaoitwa ofisini kujieleza ni wao. Ninyi mtajitambua kwa barua zangu zilizo kwenye mafaili yenu.

Dada yangu ana miaka 51. Ni mama lishe, anapika karibu na stendi ya Rangi Tatu. Aliugusa uvimbe kwenye titi la kushoto akiwa anaoga, na wiki ile ile akaenda zahanati, akapewa rufaa, akaja kwenu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila ninapolalamika huambiwa kwamba wagonjwa wetu huchelewa. Huyu hakuchelewa.

Kinyama kilikatwa Ijumaa alasiri. Muuguzi alitoka na kichupa, akanikabidhi mimi, akaniambia nikipeleke maabara nyingine upande wa pili wa mji. Nikapanda daladala nikiwa nimekishika mkononi kama yai. Nilipofika, dirisha la kupokea sampuli lilikuwa limefungwa hadi Jumatatu. Nikarudi nacho nyumbani. Kilikaa kwenye kabati la vyombo kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, katika joto la Machi ambalo mchicha wenyewe haumalizi siku.

Jumatatu mpokeaji alifungua kifuniko mbele yangu. Mimi formalini naijua. Vyura na panya wa maabara ya shule tunawahifadhi humo, na harufu yake hukata pua kabla hujausogelea mtungi. Kichupa kile hakikuwa na harufu hiyo. Kilikuwa kimeanza kunuka vingine. Baadaye muuguzi mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba formalini ilikuwa imeisha tangu katikati ya wiki, wakatumia maji ya dripu.

Majibu yalitoka baada ya wiki saba, mistari minne: saratani ya titi, daraja la tatu. Mahali pa vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ishara za kukua, vya homoni za estrojeni na projesteroni na kile kiitwacho HER2, paliandikwa kwamba havikupimwa. Tukalipia upya vipimwe. Mwezi ukapita, likaja jibu kwamba sampuli haifai. Tukaomba basi kile kipande kilichogandishwa kwenye nta tukijaribishe kwingine, tukaambiwa hakionekani.

Naomba nieleze tulichopoteza, kama ninavyoeleza darasani, kwa kuwa ndugu wengi niliokaa nao kwenye mabenchi hayo hawajui wamenyimwa nini.

Seli ya mwili haigawanyiki inavyotaka. Hukua kwanza, kisha hunakili jeni zake zote, kisha hujikagua, ndipo hugawanyika kuwa mbili. Wanasayansi huziita hatua hizo G1, S, G2 na M. Katikati pana vizuizi. Huwaambia wanafunzi wafikirie lori linalotoka bandarini kwenda Morogoro: likifika mzani wa Vigwaza lazima lisimame, lipimwe, ndipo liruhusiwe. Mwishoni mwa hatua ya kwanza, anayeshikilia kizuizi ni protini iitwayo RB. Imezikamata protini nyingine, E2F, ambazo kazi yake ni kuwasha jeni za kunakili. Maadamu RB haijaachia, lori halipiti. Ili iachie, lazima ije protini nyingine iitwayo saiklini D, iungane na kimeng'enya CDK4 au CDK6, na wawili hao kwa pamoja waibandike RB vipande vya kemikali viitwavyo fosfeti mpaka mshiko wake ulegee. Saiklini D nayo haiji yenyewe. Huitwa na ishara za ukuaji zinazoifikia seli.

Katika titi, ishara mojawapo kubwa ni homoni ya estrojeni. Hushika kipokezi chake ndani ya seli, kipokezi kinaamuru saiklini D iongezwe, kizuizi kinafunguliwa. Katika saratani yenye vipokezi hivyo mlango unafunguliwa kutwa kucha. Tamoksifeni, kidonge cha zamani kilichoruhusiwa Marekani tangu 1977, hukaa mahali pa estrojeni kwenye kipokezi na kuizuia amri isitoke. Mgonjwa mwenye vipokezi akikimeza kwa miaka mitano, uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo hupungua kwa takriban theluthi moja. Asiye na vipokezi hapati faida hiyo, ila anabeba madhara yake yote, pamoja na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Kwa hiyo mstari ulioandikwa "havikupimwa" ndio uliokuwa na swali lenyewe: seli za dada yangu zinafunguliwa mlango na nani? Daktari wake, ambaye namheshimu kwa ukweli wake, alituambia ataanza dripu za dawa za kuua saratani kwa kukisia na suala la kidonge tutaliona mbele ya safari. Simlaumu. Alipewa karatasi isiyomwambia kitu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Formalini haipaswi kuisha. Kinyama cha titi kinatakiwa kiingie ndani ya formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ndani ya saa moja tangu kikatwe, dawa ikiwa mara 10 ya ukubwa wa nyama, na kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Hayo si masharti yangu, ndiyo wataalamu wa patholojia, yaani wanaosoma vinyama, duniani wanayoyafuata. Maji ya dripu hayahifadhi chochote. Protini huanza kuvunjika mara damu inapokatika, na joto la Dar es Salaam linazidisha kasi. Hospitali inanunua mashine za mamilioni, halafu safari nzima ya mgonjwa inakwama kwa dawa ambayo shule ya kata inaiweka kwenye mtungi wa chura. Nimelitafakari hili usiku mwingi na bado sijapata maelezo ninayoweza kuyakubali.

2. Nyama iliyoharibika hujibu "hapana". Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote, na naomba mlisome taratibu. Kipokezi kikiwa kimevunjika, kipimo hakitakiona, na maabara isiyo makini itaandika kwamba mgonjwa hana vipokezi. Mgonjwa atanyimwa kidonge ambacho kingemfaa, na hakuna atakayejua. Dada yangu alipata bahati kwamba mtu mmoja maabara alikuwa mwaminifu akaandika kuwa sampuli haifai. Inasemwa mara nyingi kwamba wanawake wa Afrika wana sehemu kubwa zaidi ya saratani zisizo na vipokezi, na tafiti nyingi zimelionyesha hilo. Lakini ni "hapana" ngapi kati ya hizo zilitoka kwenye vichupa kama kile nilichokibeba mimi? Mtu anayesimamia vichupa ndiye anayepaswa kulijibu swali hili, na katika jiji hili mtu huyo ni ninyi.

3. Matibabu yanaanza kabla vipimo havijakamilika. Sisemi mgonjwa asubiri milele. Nasema vipokezi vipimwe kwa kinyama kile kile, kwa ombi lile lile, siku ile ile daraja la saratani linaposomwa. Si mgonjwa atoke wodini, apange foleni upya, apewe namba nyingine ya malipo, arudi baada ya mwezi.

4. Kipande cha nta ni mali ya nani? Tuliambiwa hakionekani kana kwamba ni mwavuli uliosahaulika kwenye basi. Kile ni mwili wa dada yangu. Kikitunzwa vizuri husomeka hata baada ya miaka, na kipimo kisichokuwepo leo kinaweza kufanyika kesho.

5. Mgonjwa haelezwi. Dripu anazochomwa huwinda seli zinazogawanyika upesi, na mizizi ya nywele nayo hugawanyika upesi. Nywele zilipoanza kutoka, dada aliniuliza, machozi yakimlenga, kama saratani imeshapanda kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Na huwezi kusema watu wa kawaida hawayaelewi mambo haya. Mwaka 2018, chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 14, tetesi zilikuwa nyingi mtaani. Nilisimama mbele ya wasichana wangu na baadhi ya mama zao, nikawaeleza kwamba kirusi kile kina protini mbili, E6 na E7: moja huiangamiza p53, mkaguzi anayesimamisha seli yenye jeni zilizokatika, na nyingine huikamata RB ile ile inayoshikilia kizuizi. Mlinzi na mkaguzi wakiondolewa, seli za mlango wa kizazi hugawanyika bila kuulizwa. Mama mmoja, muuza samaki, akanijibu: "Kumbe mwizi anaanza kwa kumfunga mlinzi kamba." Alielewa vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa kidato cha sita.

Na kwa kuwa nimeitaja RB, naomba mzazi anayesoma barua hii anisikilize kidogo, ingawa sikumwandikia yeye. Jina hilo limetokana na retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto wadogo. Mtafiti Mmarekani Alfred Knudson alieleza mwaka 1971 kwamba hutokea baada ya mapigo mawili kwenye jeni, na baadaye ikajulikana kuwa ni nakala zote mbili za jeni ya RB zinazoharibika. Ukimpiga mtoto picha kwa mwanga wa simu, jicho moja likang'aa jeupe katikati, usisubiri. Mpeleke hospitali.

Narudi kwenu, ndugu viongozi. Najua nitakayojibiwa, maana mengine nimeshajibiwa.

Mtasema vitendanishi vya kupimia protini ni ghali na wanapatholojia ni wachache. Ni kweli, na nawaonea huruma waliopo. Lakini kilichoharibu kinyama cha dada yangu hakikuwa uhaba wa mwanapatholojia. Ilikuwa chupa. Na kipimo tulikilipia, mara mbili, risiti ninazo.

Mtasema hata tukijua vipokezi, dawa mpya hazishikiki kwa bei. Tangu 2015 zipo dawa kama palbosaiklibu zinazozizuia CDK4 na CDK6 moja kwa moja, zikafunga kizuizi pale pale kilipofunguliwa. Ningependa siku moja dada azipate. Lakini barua hii haiziombi. Inaomba tujue kama anafaa kumeza tamoksifeni, dawa iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mtu mmoja wa utawala aliniambia, tena bila ubaya, kwamba mambo haya ya protini ni ya Ulaya na sisi tushukuru kupata dripu. Nilinyamaza siku ile. Leo namjibu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza aina ya hamira iliyotoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe, neno letu hili hili. Mwingereza Paul Nurse alikuja kuitumia hamira hiyo kutafuta jeni inayoamua seli igawanyike lini, na mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu ikitiwa kwenye hamira yenye hitilafu, hamira hurudi kugawanyika. Amri ni ileile katika mtungi wa pombe na katika mwili wa mtu. Mwingereza mwingine, Tim Hunt, naye aliziona saiklini mwaka 1982 kwenye mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu, jamii ya wale ambao watoto wa Kigamboni huwakanyaga maji yakipwa. Nurse na Hunt pamoja na Mmarekani Leland Hartwell, aliyefanya kazi na hamira ya mikate, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Elimu iliyoanzia kwenye mtungi wa bibi zetu haiwezi kuwa ngeni kwetu siku bibi mwenyewe anapougua.

Ninachoomba ni hiki. Kila chumba kinachokata vinyama kiwe na formalini na vichupa vya ukubwa unaofaa, na ikiisha, kukata kuahirishwe kwa siku hiyo badala ya kutumia maji. Saa ya kukata na saa ya kutia dawani ziandikwe kwenye fomu, pamoja na jina la aliyefanya. Hospitali ipeleke sampuli yenyewe, isimpe ndugu wa mgonjwa. Ripoti ya saratani ya titi isitoke bila vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni na HER2, na kama havikuweza kupimwa sababu iandikwe wazi ili mgonjwa akatwe upya mapema, kwa gharama ya aliyeharibu. Kipande cha nta kiwe na daftari lake, na mgonjwa akikihitaji apewe kwa kusaini. Na mtu mmoja, hata awe muuguzi mwanafunzi, apewe kazi ya kukaa na mgonjwa robo saa na kumsomea majibu yake kwa Kiswahili.

Kuhusu dada yangu mwenyewe, naomba kipande chake kitafutwe tena, na nipewe jibu la maandishi ndani ya siku 14 kwamba kipo au hakipo. Sitaki fidia.

Jambo la mwisho lina haraka. Dripu zake zimekamilika na amepangiwa upasuaji wa kuondoa titi Jumanne ya wiki ijayo, hapo hapo kwenu. Nyama itakayotoka siku hiyo ndiyo nafasi yetu ya pili, na huenda ikawa ya mwisho, ya kujua kama ana vipokezi. Titi zima halihifadhiki kwa kutumbukizwa tu kwenye ndoo. Dawa hupenya nyama polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo lazima lichanjwe vipande ili formalini ifike kwenye uvimbe kabla protini hazijavunjika. Naomba mtaalamu wa maabara ajulishwe mapema awe tayari. Naomba chombo kiwe mezani kabla dada hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Na kama formalini itakuwa imeisha tena, nipigieni Jumatatu kabla ya saa kumi jioni, wakati maduka ya vifaa vya maabara bado yako wazi. Namba yangu ipo kwenye barua zote tatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Mbagala.